Kariakoo kwa Mara ya Kwanza: Mwongozo wa Siku Moja kwa Mgeni

Simu huwa ni zilezile. "Anko, natua Dar Alhamisi, nataka kuzunguka Kariakoo, naanzia wapi?" Mwingine anauliza kama kweli vibaka wamejaa, mwingine anataka kujua mtaa wa vitenge, mwingine ameshatuma hela kwa mtu aliyemkuta mtandaoni na sasa hapokei simu. Nimekulia mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, na nimeuza nguo za watoto Kariakoo kwa miaka kadhaa. Nimewapokea ndugu kutoka Songea, Mbeya, Kigoma, hata wageni wa Lubumbashi na Moroni, na wote nawaambia maneno haya haya. Sasa nimeyaandika.

Mwongozo huu ni wa siku moja, asubuhi hadi alasiri. Unamfaa anayekuja kununua na anayekuja kuona tu. Mtu akiniambia Kariakoo ni fujo, najua aliingia bila mpango. Ile ni mitaa iliyopangwa kwa mistari iliyonyooka, na karibu kila mtaa una bidhaa zake. Ukishajua hilo, msongamano haukutishi tena.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Viatu vya kufunika vidole, vilivyokwisha kuzoea mguu. Utakanyagwa, utaruka madimbwi, na gurudumu la mkokoteni halichagui.
- Mkoba mdogo wa kuvaa kifuani. Begi la mgongoni liache nyumbani.
- Pesa taslimu kiasi, zilizovunjwa: noti za elfu moja na elfu mbili, na sarafu za mia mbili na mia tano kwa maji, choo na nauli. Zigawe sehemu mbili, za kutumia mkoba wa mbele, za akiba mfuko wa ndani.
- Pesa iliyobaki iwe kwenye simu. Maduka mengi yana lipa namba, na mawakala wapo karibu kila kona.
- Simu iliyojaa chaji, na namba mbili za watu wako zilizoandikwa kwenye karatasi. Simu ikipotea, karatasi ndiyo itakayokuokoa.
- Orodha ya unachotaka, kwa maandishi, na kando ya kila kitu kiwango cha juu utakachokubali kulipa.
- Mfuko imara wa kubebea. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na ile mbadala unayouziwa njiani huchanika mapema.
- Maji ya kunywa na kofia.

Pasipoti, vyeti, cheni ya dhahabu na kadi zote za benki visikae mwilini siku hiyo. Chukua kitambulisho kimoja.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Jumanne, Jumatano au Alhamisi, fika saa mbili na nusu asubuhi. Maduka yanakuwa yamefunguliwa au yanafunguliwa, jua bado la upole, na wenye maduka wana subira ya kujibu maswali. Kuanzia saa nne watu wanaongezeka, na saa sita mchana Mtaa wa Congo huwezi kutembea kwa hatua zako mwenyewe, unasukumwa tu.

Ijumaa inawezekana, ila maduka mengi hufungwa kwa muda wa swala, kwa hiyo usipange jambo kubwa kati ya saa sita na saa nane mchana. Jumapili milango mingi imefungwa. Siku hiyo ni nzuri kwa anayetaka kuangalia majengo na kupiga hatua bila kugongwa bega, lakini haifai kwa mnunuzi wa jumla.

Onyo: wiki ya mwisho kabla ya Idi na kabla ya Krismasi usije kwa mara ya kwanza. Hata sisi wenyeji tunakwepa.

Msimu wa masika, Machi hadi Mei, angalia mvua ya usiku uliopita. Bonde la Msimbazi pale Jangwani likifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa na mabasi ya mwendokasi husimama au kubadilishiwa njia. Ukiwa Kimara au Ubungo siku kama hiyo, safari ya Kariakoo iahirishe.

Hatua ya 2: Fika kwa usafiri usiokuchanganya

Ukitokea njia ya Morogoro, panda mwendokasi. Hakikisha basi limeandikwa Gerezani au Kariakoo, siyo Kivukoni. Wageni wengi hujikuta Posta kwa sababu hawakusoma mbele ya basi. Mabasi ya Gerezani hukunja kwenye kituo cha Fire na kuingia Mtaa wa Msimbazi. Unaweza kushuka Msimbazi Polisi au kwenda hadi mwisho, Gerezani.

Ukishuka basi la mkoani Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kwanza peleka mizigo yako unakofikia. Nasisitiza kwa sababu kila mara naona mtu katikati ya Congo na sanduku la magurudumu, jasho linamtoka, na macho ya watu wote yako kwenye sanduku lake.

Wa treni ya SGR, ile reli ya kisasa, yuko karibu zaidi. Kutoka stesheni bajaji inakufikisha kwa muda mfupi, na mwenye miguu anatembea. Bodaboda na bajaji mpatane bei kabla hujakaa, na taja alama, usitaje "Kariakoo" tupu, maana Kariakoo ni kubwa.

Kuvuka Msimbazi kuna hatari yake. Mabasi ya mwendokasi yana njia zao katikati ya barabara, na mtu anayetazama magari ya kawaida tu husahau kuangalia hapo. Vuka kwenye alama, tazama pande zote mara mbili, kisha uvuke njia za katikati kwa haraka.

Hatua ya 3: Weka alama yako ya kukutania

Kabla ya kuingia ndani, chagueni mahali pamoja ambapo mkipoteana mtarudi. Alama zinazojulikana na kila mtu: kituo cha polisi cha Msimbazi, sheli ya Big Bon, DDC Kariakoo, Msikiti wa Mtoro, viwanja vya Mnazi Mmoja. Mtandao wa simu ukizidiwa na watu, alama itawakutanisha. Duka usilifanye alama, kwa sababu maduka yanafanana, na mwenye fremu hii mwaka huu mwakani hayupo.

Hatua ya 4: Zunguka mara moja bila kununua

Hii ndiyo hatua ambayo watu hawaitaki, na ndiyo inayookoa pesa nyingi kuliko zote. Jipe saa moja na nusu. Usinunue hata soksi.

Anzia Mnazi Mmoja. Ule uwanja una historia nzito. Wakoloni waliuacha wazi makusudi ili utenganishe mitaa ya Waafrika, yaani Kariakoo, na mitaa ya katikati ya mji. Leo pana bustani na Mnara wa Mwenge wa Uhuru. Pita Mtaa wa Lumumba, ambao zamani uliitwa New Street. Ni kwenye mtaa huu TANU, chama kilichopigania uhuru, ilizaliwa Julai 7, 1954. Mgeni hupita hapo akiangalia kiatu cha machinga, asijue kwamba amepita mahali uhuru wa nchi ulipoanza kudaiwa.

Kutoka hapo shika Mtaa wa Uhuru, Kichwele ya zamani. Hapa ni kanga na vitenge vya jumla, duka baada ya duka, majora yamepangwa hadi darini. Tazama, gusa, uliza bei ya doti, yaani vipande viwili pamoja, andika, endelea.

Kisha kata uingie ndani, kwenye Swahili au Nyamwezi, uelekee soko kuu lililo kati ya Mkunguni na Tandamti. Jengo lile lilichorwa na Beda Amuli, miongoni mwa wasanifu majengo wa mwanzo kabisa wa Kiafrika ukanda huu, likafunguliwa mwaka 1975. Inua macho uone paa lake: miavuli mikubwa ya zege inayoshikana, iliyobuniwa ipitishe hewa na kukinga maji ya mvua. Chini kuna sehemu ambayo wazee wanaiita Shimoni. Moto uliliunguza usiku wa Julai 10, 2021. Wengi walipoteza mitaji yao yote pale, na baadhi ni watu ninaowafahamu. Baadaye likakarabatiwa, na jengo jipya likajengwa ubavuni.

Jina Kariakoo lenyewe limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi hao waliwekwa hapa. Neno likapita midomoni mwa watu wa mji hadi likawa Kariakoo. Nikiwaona makuli wanavyopita na marobota mgongoni wakiita "Njia! Njia!", nakumbuka kwamba jina la mtaa ni jina la kazi yao.

Malizia mzunguko kwa Congo, kisha Aggrey, kisha utokee Msimbazi. Hapo ndipo yalipo makao ya klabu ya mpira ya Simba, na ndiyo maana wanaitwa Wekundu wa Msimbazi. Makao ya Yanga yako Twiga na Jangwani, si mbali. Klabu hizi, Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, zimelelewa na mitaa hii, kwa hiyo usishangae muuzaji akikuuliza timu yako kabla ya kukutajia bei. Mjibu kwa uchangamfu, hata kama ni mpinzani wake. Mazungumzo yameshaanza.

Hatua ya 5: Jua mtaa upi una nini

Kwa mgeni wa siku moja, hii inatosha:

- Kanga, vitenge, mashuka: Uhuru.
- Nguo za kuvaa, viatu, mikoba, rejareja na jumla: Congo na vichochoro vinavyoikata.
- Simu, vifaa vya simu na elektroniki: Aggrey, hasa kuelekea Likoma, na sehemu za Msimbazi.
- Nafaka, viungo, mboga: eneo la soko kuu.
- Spea za magari, vyuma, kazi za mafundi: Gerezani na Shaurimoyo.

Ghorofani ndiko kwenye bei ya jumla. Fremu za chini zinazoangalia barabara zina kodi kubwa, na kodi hiyo inaingia kwenye bei yako. Panda ngazi ghorofa ya kwanza na ya pili, utakuta bidhaa ileile iliyo chini, mwenye mali amekaa na daftari lake. Ila ukipanda, tazama jengo. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo watu wakiwa ndani, na wengi walipoteza maisha. Jengo linalochimbwa chini huku biashara inaendelea juu, usiingie. Hakuna bei nzuri inayolingana na hilo.

Hatua ya 6: Kula na kupumzika kabla ya kununua

Mwenye njaa hapatani vizuri. Saa nne tafuta mama lishe mwenye wateja wengi na maji ya kunawa. Chapati na supu ndiyo kifungua kinywa cha watu wa kazi. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu nayo inashibisha. Maji ya miwa yanayokamuliwa mbele yako pamoja na tangawizi na ndimu yanarudisha nguvu. Omba wakamue mpya, usichukue yaliyokaa kwenye jagi.

Ukisikia vikombe vinagonganishwa, ni muuza kahawa. Kaa kwenye benchi, sema "Asalaam aleikum" au "Habari za asubuhi wazee", agiza kahawa na kashata. Benchi la kahawa ndilo pa kuulizia njia. Mzee asiyeuza chochote hana sababu ya kukupeleka duka lisilofaa. Anayekuzidi umri mwamkie shikamoo kwanza, swali baadaye.

Hatua ya 7: Mwelewe winga kabla hajakushika mkono

Ukisimama sekunde tano, kijana atakujia: "Bosi karibu, unatafuta nini? Twende nikuoneshe, bei ya stoo." Huyu ni winga. Hana duka. Anakupeleka kwenye duka la mtu, anakutajia bei iliyo juu ya ile ya mwenye duka, na tofauti ni yake. Hiyo ndiyo inaitwa cha juu.

Sipendi kuwaita wezi. Wengi ni vijana wanaotafuta riziki, wanaijua mitaa kuliko mimi, na wapo wenye wateja wa mikoani wanaowaamini kwa miaka. Lakini mgeni wa siku ya kwanza hawezi kumtofautisha mwema na mbaya. Kwa hiyo:

- Kataa kwa upole: "Asante kaka, naangalia tu." Endelea kutembea. Usieleze unachotafuta.
- Ukiamua kumtumia, mpatane malipo yake waziwazi kabla, na bei ya bidhaa itajwe na mwenye duka, wewe ukiwepo.
- Pesa ya bidhaa usimkabidhi winga hata siku moja, na usikubali "subiri hapa nikakuletee".
- Lipa namba inayosoma jina la mtu mwingine, siyo la duka, iulizie kwanza.

Kosa linalorudiwa kila siku: mteja anamwonesha winga picha ya bidhaa kwenye simu. Winga anapiga simu dukani, na mteja anapofika, bei imeshapangwa.

Hatua ya 8: Patana kwa adabu

Salamu kwanza, daima. "Habari ya kazi, dada?" Kisha uliza bei ya moja, uliza bei ya dazeni, uliza bei ya mwisho. Sema "Nifanyie vizuri, mimi mteja wa kurudi", kisha kaa kimya. Ukimya unafanya kazi.

Kuna kanuni haijaandikwa popote lakini kila muuzaji anaishikilia: ukitaja bei na mwenye duka akasema "Haya, chukua", umenunua. Ukiondoka baada ya hapo umemvunjia heshima, na utasikia maneno. Kama huna nia, usitaje bei. Asubuhi na mapema uwe mwangalifu zaidi. Mteja wa kwanza ndiye anayefungua biashara ya siku, na muuzaji huumia akimwona ameondoka bure baada ya kupatana. Upande mwingine, mteja huyo wa kwanza mwenye pesa mkononi hupata bei laini.

Usiponde bidhaa ya mtu ili ushushiwe bei. Sema tu imezidi uwezo wako.

Hatua ya 9: Kagua, kagua tena

Nilipoanza biashara nilinunua dazeni mbili za mashati ya watoto. Nikafungua pakiti ya juu, nikaona safi, nikalipa. Nyumbani nikakuta mashati saba ya chini yana madoa ya maji na vifungo pungufu. Niliporudi, muuzaji akaniambia nilikagua mwenyewe. Ule ulikuwa mtaji wa mkopo, na iliniuma kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo natoa kila pisi kwenye mfuko wake.

Nguo za dazeni: hesabu, fungua zote, linganisha saizi moja moja na ulichoagiza. Vuta mshono kwa vidole viwili.

Viatu: hakikisha jozi ina namba ileile, kushoto na kulia. Vikunje katikati, na ukiona gundi inafunguka mbele ya kidole gumba, rudisha.

Kanga: omba ikunjuliwe yote. Kanga ina pindo, mji na jina. Jina ni yale maandishi, na ndiyo yanayosema na anayepewa, kwa hiyo soma kabla hujamnunulia mama mkwe. Tazama pindo limenyooka pande zote nne na rangi imepenya upande wa pili. Lowesha kidole, sugua sehemu nyeusi au nyekundu. Kidole kikitoka na rangi nzito, itachuja kwenye maji. Kisha inyanyue ielekee mwanga. Kitambaa chepesi kilichonyooshwa kwa wanga kinaonekana kizito dukani na kinakuwa kama wavu kikifuliwa, na mwanga utakuonesha nyuzi zilivyo mbali. Mwisho pima doti: vipande viwili, havijakatwa, urefu sawa.

Simu: washa ukiwa dukani, weka laini yako, piga, chaji, jaribu kamera na spika. Bonyeza *#06#, linganisha namba ya IMEI inayotokea, yaani namba ya utambulisho wa simu, na iliyo kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Mfumo wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, utakujibu kama simu hiyo inatambulika na ni ya aina gani. Jibu likitaja aina tofauti na uliyoshika, iache mezani. Boksi likishakaguliwa lisitoke machoni pako hadi limeingia kwenye mkoba wako. Wanaobadilisha hufanya hivyo wakati unatafuta pesa.

Hatua ya 10: Lipa na udai risiti

Lipa ndani ya duka, ukiwa umegeukia ukuta. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri, na usimpe mtu simu yako "akusaidie".

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na hakikisha kiasi kilichoandikwa ndicho ulicholipa. Ni haki yako na ni wajibu wako. Anayesafirisha mzigo mkoani bila risiti hukwama njiani. Omba pia namba ya simu ya duka na uandike nyuma ya risiti jina la jengo na ghorofa.

Hatua ya 11: Ondoa mzigo

Mzigo mdogo beba mwenyewe. Mkubwa mpe kuli, mkokoteni au guta, kwa bei mliyokubaliana kabla hajanyanyua, na utembee ubavuni mwake. Usimtangulie, usibaki nyuma.

Wa mikoani, tafuta wafunga mizigo. Wanaweka kwenye salfeti, yaani gunia la plastiki, wanashona na kukaza kwa kamba. Andika kwa markapen pande mbili: jina la mpokeaji, simu, mkoa. Hesabu pisi wakati zinaingia kwenye salfeti, piga picha kabla ya kushonwa, na ofisi ya usafirishaji ikupe stakabadhi yenye idadi ya vifurushi. Nimeona watu wakihangaika wiki nzima kwa sababu stakabadhi iliandikwa "mzigo" bila idadi.

Toka kabla ya saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo wafanyakazi wote wanarudi nyumbani, vituo vinafurika, na kwenye mlango wa basi ndiko mikono ya vibaka inakofanya kazi.

Mambo yakienda kombo

*Umepotea.* Usisimame katikati ya njia ukifungua ramani. Ingia ndani ya duka, msalimie mwenye duka, uliza "Msimbazi ni upande gani?" Sauti ya honi za mabasi nayo inasaidia. Mitaa imenyooka, kwa hiyo ukishika mmoja na kwenda nao bila kukunja, utatokea barabara kubwa.

*Simu imeibwa.* Tumia karatasi yako na simu ya mtu kuzuia laini kwanza, kwa kampuni ya simu, kabla ya kitu kingine chochote. Pesa yako iko kwenye laini. Kisha nenda kituo cha Msimbazi uripoti, upate maelezo ya upotevu, maana bila hayo kurudisha laini na vitambulisho ni mzunguko mrefu. Usimkimbize kibaka vichochoroni, na usipige kelele za "mwizi" ovyo. Kariakoo kelele hiyo inaweza kumtoa mtu uhai, na pengine asiyehusika.

*Umeokota bahasha, au mtu kaokota mbele yako na anataka mgawane.* Endelea kutembea, usijibu. Na wanaocheza karata tatu kwenye boksi, wale wanaoshinda wote ni wenzao.

*Bidhaa ina kasoro na umeshaondoka.* Rudi siku hiyohiyo, na risiti, kwa sauti ya kawaida. Omba kubadilishiwa, usiombe pesa, maana kubadilisha wengi hukubali. Akikataa, ulizia mwenye jengo au kiongozi wa wafanyabiashara wa eneo lile. Wauzaji wanajali jina lao mbele ya wenzao.

*Umemlipa mtu kwa simu, siyo duka, na ametoweka.* Piga kampuni ya simu mara moja uombe muamala usitishwe, ukiwa na kumbukumbu namba ya ujumbe. Kila dakika inayopita inapunguza nafasi yako.

*Mtoto amepotea.* Mmoja abaki pale mlipomwona mwisho, mwingine aende kwenye msikiti wa karibu au kituo cha polisi. Kipaza sauti cha msikiti kimesharudisha watoto wengi. Kabla ya kuingia sokoni mwandikie mtoto namba yako kwenye mkono kwa kalamu.

*Jua limekuzidi, kichwa kinagonga.* Panda ghorofani kwenye duka lenye feni, kaa, kunywa maji, mwambie mwenye duka ukweli. Sijawahi kuona mtu amekatazwa kiti. Ukipata nafuu, shuka uelekee Mnazi Mmoja ukae chini ya mti, na vilivyobaki kwenye orodha uvifuate kesho asubuhi.